Kabla ya Bei, Uliza Nani Anaweza Kukataa

Watu wanaonipigia simu kutaka ushauri wa ardhi huku Unguja huanza na bei. Kiwanja Paje siku hizi kinakwenda kiasi gani, nyumba ya Mji Mkongwe inapatikana kwa dola ngapi, fleti ya Fumba inalipa au hailipi. Mimi huwarudishia swali: huyo anayekuuzia akisema ndiyo, nani mwengine ana haki ya kusema hapana? Wapo wanaoudhika, wanaona nawazungusha. Lakini kazi hizi nilizianzia kwenye meza ya karani, katika ofisi ya wakili pale mjini, na mikataba ya mauziano ilikuwa ikipita mikononi mwangu kabla sijawa na uwezo wa kununua hata tripu moja ya mchanga. Majalada yaliyorudi na kesi hayakuwa na ugomvi wa bei. Bei watu walishaafikiana, na pesa zilishahesabiwa. Ugomvi ulikuja na mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Wa kwanza wa kuulizwa ni serikali, na wengi humsahau kwa sababu hakai barazani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 imeendelea na msimamo huo: ardhi ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Anachokuuzia mtu ni haki yake ya kuitumia, pamoja na alichojenga na alichopanda juu yake. Haki hiyo anaipata Mzanzibari. Hapa ndipo ndugu zetu wa Bara wanapokunja uso, maana wanajua Tanzania ni moja na kitambulisho cha taifa ni kimoja. Kwa ardhi mambo hayaendi hivyo. Nani Mzanzibari inaelezwa na sheria yake ya 1985, na uraia wa Tanzania peke yake hautoshi. Asiye Mzanzibari, awe katoka Mwanza au Milano, njia zake halali ni mbili: mkodisho wa serikali, ambao mara nyingi huanzia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, akiwa na mradi wa uwekezaji, au kununua fleti chini ya sheria ya 2010 inayoruhusu sehemu za jengo moja kumilikiwa mojamoja.

Njia ya tatu haijaandikwa popote lakini inapitwa kila siku: kutumia jina la Mzanzibari. Nimelishika mkononi jalada la nyumba ya wageni pwani ya mashariki, imejengwa kwa pesa za mgeni kuanzia msingi mpaka makuti, hati ina jina la kijana aliyekuwa dereva wake. Kijana akafariki kwa ajali ya pikipiki. Arubaini haijafika, wakaja mjane na ndugu zake na cheti cha kifo, wakauliza mali ya marehemu iko wapi. Hawakuwa matapeli wale. Kwa karatasi, ile nyumba ilikuwa ya marehemu, na mjane alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mgeni alikuwa na karatasi nyengine, ya siri, ambayo kijana alitia saini kukiri kwamba yeye ni jina tu. Kuitoa mahkamani ilikuwa sawa na kukiri kwamba aliizunguka sheria tangu mwanzo. Kwa hivyo mtu akinambia "nina rafiki yangu wa Jambiani ananiwekea jina," huwa naendelea kunywa chai yangu na kumuuliza huyo rafiki ana wake wangapi na watoto wangapi.

Kuhusu mikodisho niseme moja tu kisha nipite. Ukinunua mkodisho kwa mtu, unanunua miaka iliyobaki. Mkodisho wa miaka 33 ulioandikwa 2001 unamalizika 2034, hata kama nyumba ina bwawa la kuogelea na picha nzuri. Na masharti yake yasome yote, hasa la muda wa kuanza kujenga, kwa sababu ardhi iliyokodishwa ikaachwa pori serikali inaweza kuirudisha, na hilo si tishio la mdomo.

Sasa warithi. Hapa ndipo nilipo na mengi.

Kuna kiwanja nilikitaka Jambiani, nyuma kidogo ya barabara, si cha ufukweni. Muuzaji alikuwa kaka mkubwa wa familia, mtu mzima, mpole, karatasi zake safi, na sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, alimjua tangu udogo wake. Tulikaa barazani kwao, bei tukaikubali, tukaletewa chai na mkate wa kumimina. Mama yao alikuwa ndani, anachambua mchele nyuma ya pazia, hakusema neno tangu tumefika. Tulipoanza kuzungumza siku ya kwenda kwa wakili ndipo sauti yake ikatoka: "Na yule wa Maskati kaambiwa?"

Kaka mtu akanyamaza. Nikajua hakuambiwa.

Nikatoa kalamu nikaomba nipangiwe. Baba yao aliacha mke, watoto wanaume wawili na wanawake watatu, na wazazi wake walishatangulia. Hesabu yake kwa mirathi ya Kiislamu ni nyepesi kuliko nyingi nilizoziona: mali inagawiwa mafungu manane. Mama anachukua thumuni yake, fungu moja. Kila mwanamme mafungu mawili, kila mwanamke moja. Jumla nane. Kaka niliyekuwa nikizungumza naye, pamoja na ukubwa wake wote na heshima yake yote kijijini, alikuwa na robo. Robo tatu ilikuwa ya watu wengine, na mmoja wao alikuwa Oman akiuza dukani kwa mumewe, hana habari kama kiwanja cha baba yake kinanunuliwa.

Kwa nini naeleza kwa urefu? Kwa sababu madalali wengi watakwambia, "Huyu ndiye mkubwa wao, yeye ndiye msemaji." Ni kweli, ndiye msemaji. Kusema kwa niaba ya watu na kuuza fungu la watu ni mambo mawili mbalimbali. Wenye fungu wakifufua madai yao baada ya miaka saba, wewe umeshajenga, na mahkama haitakuuliza chai ilikuwa tamu kiasi gani.

Nilichofanya ni kusimamisha kila kitu mpaka orodha ya warithi itoke rasmi. Kwa Waislamu mambo ya mirathi yana milango yake: Mahkama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Dada wa Maskati akamwandikia uwakala mdogo wake, ukathibitishwa huko huko, ukaja. Ilichukua muda na kaka aliniona msumbufu. Akapatikana mnunuzi mwengine aliyesema atalipa kesho taslimu bila maswali, nikamwambia kaka amuuzie, sina kinyongo. Yule mnunuzi hakurudi, sijui kwa nini.

Jambo jengine nililolipata pale pale, na ambalo mtu wa Bara au wa Ulaya halimjii kichwani: minazi. Kwetu miti inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine, na sheria ya 1992 inalitambua hilo. Katika kona ya kiwanja palikuwa na minazi mitatu aliyopanda baba yake yule mama, kwa hivyo haikuwa ya marehemu mume wake, wala haikuingia kwenye mafungu manane. Mama aliuza thumuni yake bila shida. Minazi hakutaka kuiuza. Tukaandika kwenye mkataba kwamba minazi mitatu ya upande wa kusini ni yake na ya watakaomrithi, na kwamba mwanguaji wao anaruhusiwa kuingia. Wakili alicheka, lakini aliandika. Mpaka leo mjukuu wake huja na kamba na panga, anapanda, anaangua, ananiachia madafu mawili. Mpangaji wangu mmoja alilalamika kwamba nazi zimevunja kioo cha gari lake. Nikamwonesha ukurasa wa mkataba, nikamwonesha na mahali pengine pa kuegesha.

Pemba jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu ya karafuu. Shamba linaweza kuwa la mtu, mikarafuu ya mwengine, na mikarafuu hiyo hiyo imewekwa rehani kwa mtu wa tatu au imekodishwa kwa msimu. Nilikwenda Konde kutazama shamba zuri ajabu, bonde la kijani mpaka macho yanapumzika, na nikiwa bado nauliza mikarafuu ni ya nani, walishajitokeza wazee watatu, kila mmoja na miti yake, na hakuna aliyekuwa mwongo. Nilirudi Chake Chake kupanda ndege bila ya kununua kitu, na bado nadhani lile ni shamba bora kuliko vyote nilivyowahi kutembezwa.

Kama familia inauza fungu la mmoja tu kati yao, kumbuka pia shufaa: katika fiqhi ya Kishafii, mshirika ana haki ya kuchukua yeye fungu linalouzwa kwa mgeni, kwa bei ile ile. Kwa hivyo ndugu aliyebaki muulize mbele ya watu kama anataka, na jibu lake liandikwe.

Bahari sikuiweka kwenye orodha ya watu wa kuulizwa mpaka nilipoishi jirani nayo. Dalali mwenye akili humleta mteja ufukweni asubuhi, mnamo saa nne, wakati wa bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kuliko kawaida. Mteja anaona mchanga mweupe mpaka upeo wa macho, wanawake wa mwani wako mbali wanaonekana vidoadoa, watoto wanacheza mpira penye bahari. Anadhani kanunua ufukwe wa mita mia. Kwetu, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa mnamo saa nne na hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Tofauti kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua inakaribia mita nne kwenda juu, na kwenye pwani tambarare kama ya Paje, Bwejuu na Jambiani mita hizo nne hugeuka kuwa mwendo mrefu wa kutembea kwa miguu.

Kwa hivyo nenda jioni. Nenda mwezi ukiwa mpevu, saa kumi, simama kwenye mpaka wa chini wa kiwanja. Mimi hufanya hivyo na kijiti, nakichoma pale povu la mwisho lilipoishia, kisha narudi nyuma nikihesabu hatua mpaka ukuta wa jirani. Na kama inawezekana, rudi tena wakati wa kusi, Juni au Julai, maana upepo ule ndio unaosukuma. Tazama mivinje na minazi iliyo mbele: mizizi ikiwa nje, inaning'inia hewani kama vidole, bahari imeshaanza kudai. Tazama na majirani. Mwenye hoteli akijenga ukuta wa mawe kujikinga, mchanga humpungukia jirani asiye na ukuta, na jirani huyo huenda ukawa wewe. Halafu waulize wanawake wa mwani. Wao wanajua mstari wa maji ulikuwa wapi walipoolewa na uko wapi sasa, na hawana kamisheni kwa kukwambia. Sheria nayo inataka jengo lisimame mbali na alama ya maji makuu, sasa mstari wa maji ukirudi nyuma, kiwanja ulichonunua kinabaki kile kile kwenye hati na sehemu ya kujengea inapungua.

Maji ya kisima yaonje mwenyewe, na yaonje mwisho wa kaskazi kabla masika hayajaingia. Ardhi ya maweni haishiki maji, na kisima kilicho karibu na pwani kikivutwa sana huingia chumvi. Kisima kitamu cha mwezi wa Mei hakikwambii kitu kuhusu Februari. Nimeona nyumba za kupangisha ambazo faida yake yote inaliwa na gari la maji.

Mjini hadithi ni nyengine. Viwanja vya bei nafuu pembezoni mwa mji, upande wa Fuoni, Tomondo na kuendelea, vingi vimekatwa kutoka kwenye eka. Mashamba yaliyotaifishwa baada ya Mapinduzi yaligaiwa wananchi eka tatu tatu, yalimwe na yarithiwe, si yakatwekatwe kuwa mitaa. Lakini mji umekua ukayafikia, wajukuu wamekuwa wengi, na mwenye eka akaona muhogo haulipi kama viwanja. Anakupimia kwa kamba, anakuandikia karatasi, sheha anashuhudia, unalipa. Ile karatasi ya kwa sheha inaonesha kwamba mauziano yalifanyika mbele yake. Haikuhaulishii, yaani haikuhamishii, haki yoyote. Njia ya kuhaulisha inapita Kamisheni ya Ardhi, na Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, ambayo pamoja na mengine inaangalia kama bei ina haki na kama muuzaji habaki bila pa kukaa yeye na watu wake. Wapo wanaoiona Bodi kama kikwazo. Mimi naiona kama mtu pekee katika mauziano yote ambaye hapati kamisheni.

Kiwanja cha eka iliyokatwa kina tabia mbili zaidi za kuangaliwa. Njia: kila mkataji anapenda kuuza na ile sehemu ya barabara, na mwisho gari la zimamoto halifiki, hata la mchanga halifiki, unalipia vijana wabebe kwa mikokoteni. Na mkondo wa maji. Mtu yeyote wa mjini anajua Mwanakwerekwe ilivyokuwa ikijaa maji masika yakikaza. Wakulima wa zamani waliacha mpunga mahali pa mpunga kwa sababu. Ukiona eneo la bei poa, pana udongo mweusi, na wazee wanakwambia palilimwa mpunga, basi umeshaambiwa kila kitu.

Mji Mkongwe, ambao uko katika orodha ya UNESCO tangu 2000, unawapagawisha wageni kwa milango yake. Mlango ndio kitu cha mwisho kutazamwa. Cha kwanza ni nyumba ni ya nani, na huko jibu linaweza kuwa wakfu, linaweza kuwa serikali, linaweza kuwa warithi ishirini waliotawanyika kutoka Dubai mpaka Leicester. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Inapangishwa, na kuna wapangaji wanaopokea kilemba, pesa ya kuachia nyumba, ili wakupishe, ukatoka hapo umelipa pesa nyingi na kilichobadilika ni jina la anayedaiwa kodi.

Cha pili ni paa. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji yanashuka ndani ya ukuta wenyewe, na mahali pa kwanza kuoza ni ncha za boriti zilizofichwa ukutani, ambapo jicho halifiki. Mimi huingia na bisibisi. Naichoma kwenye boriti pale inapoingia ukutani, pole pole, chumba hadi chumba, hasa chini ya vyoo vya ghorofani. Ikikataa kuingia, naendelea. Ikizama kama kwenye mkate, natoka nje kuhesabu upya. Muuzaji mmoja aliniuliza kama mimi ni daktari wa meno.

Cha tatu ni saruji. Ukikuta ukuta wa zamani umepigwa plasta ya saruji laini, umepakwa rangi jana, shuku. Chokaa hupumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji huufungia ndani, chumvi inakula jiwe, plasta inavimba na kuanguka na kipande cha ukuta. Ukarabati wa kweli unataka chokaa na mafundi wanaoijua, ambao si wengi wala si rahisi, na unataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ambayo haitakuruhusu kubomoa kuta upate ukumbi mpana wa mgahawa. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti tangu zama hizo. Aliyedhani mawe yale hayachoki alipata jibu tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo la Sultani, mbele ya Forodhani, lililokuwa likitazamwa na kila mtu. Wewe una nyumba kichochoroni ambayo hakuna anayeitazama.

Wawekezaji wengi hesabu zao wanazifanya kwa dola na kwa watalii, na hapo sibishani nao, pesa ya watalii ni nzuri ikija. Mimi nakumbuka kiza cha 2008, karibu mwezi mzima kisiwa hakina umeme, halafu kikarudi Disemba 2009 kikakaa miezi mitatu, katikati ya msimu. Waliokuwa na jenereta walikuwa wakichoma faida yao kwa lita. Halafu ikaja 2020. Machi ndege zikasimama, vyumba vya Nungwi na Kendwa vikawa tupu, watu waliokopa kwa dola wakaanza kuuza kwa shilingi. Nyumba yangu ya Tunguu, ambayo rafiki zangu waliidharau kwa sababu haina hata upepo wa bahari, ina wapangaji wa chuo kikuu na watumishi wa serikali, na kodi huja ya miezi sita kwa mkupuo. Ilipungua, haikukauka. Tangu hapo kila nikinunua cha watalii najiuliza kama hicho cha wenyeji kinaweza kukilisha kwa mwaka mmoja. Kisipoweza, nasubiri.

Leseni na kodi sitazieleza, hubadilika, na wakala wa kodi ni rahisi kuliko faini. Jua tu kwamba nyumba ya kulaza wageni inataka leseni ya Kamisheni ya Utalii, hata iwe vyumba viwili na shangazi yako ndiye anayepika.

Madalali nao siwachukii, bila wao nisingejua nusu ya ninayoyajua. Kabla ya kwenda kuona kitu, nataka dalali aniambie analipwa na nani. Mara nyingi analipwa na pande zote mbili na hakuna upande unaojua. Tena mara nyingi wako watano, kila mmoja kaongeza chake njiani, na bei unayoipata wewe mwenye shamba hajawahi kuisikia. Dawa yake ni kumfikia mwenye mali kabla ya kutaja bei, na dalali alipwe mbele ya wote, jina lake na kiasi chake viwemo kwenye karatasi.

Malipo siyatoi kwa mkupuo. Sehemu ya kwanza ni ndogo, ya kuonesha nia, baada ya mpimaji kuzitafuta bikoni, zile alama za mipaka, na kuzikuta, na baada ya mimi kwenda mwenyewe kwa Mrajisi wa ardhi kuangalia kama mali haina rehani wala pingamizi. Sehemu kubwa hutolewa siku warithi wote wametia saini au dole gumba, tumekaa kwa wakili. Kipande cha mwisho hubaki mpaka uhaulishaji ukamilike na hati itoke na jina langu.

Mzee mmoja wa Makunduchi aliposikia sharti hilo la kipande cha mwisho aliniangalia sana. "Mwanangu, mimi huniamini?"

"Ami, wewe nakuamini. Watakaokuja baada yako ndio sijawaona."

Akacheka, akakubali. Mwaka uliofuata aliuza kiwanja chake cha pili kwa mtu mwengine, na mnunuzi alipokuja na sharti kama langu, mzee akaligeuza: hati haisogei mpaka kipande cha mwisho kiwe benki. Wakabishana wiki nzima. Mwishowe pesa ikawekwa kwa wakili, na mkataba ukasema itoke siku ile ile hati itakapotoka, asubuhi, wote wawili wakiwepo.